Josepha alichapa wasifu wa marehemu, marehemu wakaanza kutuma ujumbe

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mtaa wa nyuma ya soko la Kibondo, na Josepha Niyubahwe anafuta tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyefariki juzi.

Anaifuta kwenye kompyuta, kisha anachukua kalamu na kuikata hata kwenye karatasi ya daftari aliyoletewa. Anafuta jina la mama wa marehemu. Anafuta namba ya simu. Mteja wake, Bazilio, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kumsenga kuchapisha wasifu wa baba yake, anamtazama kwa mashaka.

"Dada Josepha, mbona unamfuta mzee wangu? Mazishi ni saa nane."

"Simfuti, kaka. Namficha."

Bazilio anacheka kidogo, halafu anaona mwenzake hacheki. Anakaa kwenye benchi.

Josepha ana umri wa miaka 38. Steshenari yake ina kompyuta moja, printa moja na mashine ya kutoa kopi inayokohoa kila ikiwashwa. Anachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na mialiko ya harusi, lakini kinachomlisha ni misiba. Wasifu wa kurasa mbili wenye picha ya rangi ni Sh5,000, na wiki haipiti bila misiba mitatu. Watani wake husema akikusalimia mara mbili kwa siku moja, nenda kapime presha.

Wasifu wa huku hauna haraka. Kabla jeneza halijashushwa, ndugu mmoja husimama na kuueleza umati marehemu alizaliwa lini, wapi, na nani. Alikuwa mtoto wa ngapi, alibatizwa parokia gani, aliitwaje utotoni, watoto wake ni akina nani. Ukiruka jambo, wajomba wanakohoa.

Ndugu walio mbali nao hutaka nakala. Kwa miaka tisa Josepha amekuwa akiwarushia kwenye makundi ya ukoo ya WhatsApp, bure, kama huduma kwa wafiwa.

"Kundi lina watu mia mbili," anasema. "Nani anawajua wote? Mtu akiandika 'pole sana' unamwona ndugu."

Februari mwaka huu mwalimu Ghati, mwenyeji wa Mara anayefundisha shule ya kata ya Kitahana, aliingia dukani akiwa ameifunga simu yake ndani ya khanga. Mumewe, Longinus, alikuwa na wiki sita kaburini. Asubuhi hiyo Longinus alikuwa ameandika: "Mke wangu, umelalaje?"

Namba ilikuwa ngeni, lakini picha ilikuwa yake, suti yake na tabasamu lake. Josepha aliikuza. Karibu na bega la marehemu kulikuwa na waridi mbili za zambarau, moja ikiwa na jani lililokatika.

Waridi hizo ni za Josepha. Alizichora mwenyewe alipokuwa anajifunza kompyuta, na huziweka kwenye kila wasifu.

"Mwalimu alikuwa anamwogopa mumewe," anakumbuka. "Mimi nikawa naogopa maua yangu."

Hapakuwa na mzimu. Mtu asiyejulikana, ndani ya kundi la ukoo, alichukua picha na maelezo, akafungua akaunti kwa laini mpya, akawa Longinus. Mwalimu Ghati hakumjibu. Aliizuia namba ile, akatoa taarifa polisi, na hakupoteza chochote isipokuwa usingizi.

Josepha hakutoka salama hivyo. Alirudi kwenye kompyuta na kuanza kuhesabu wasifu aliowahi kuusambaza: 312. Akapita jina baada ya jina, kila moja na tarehe zake, mama yake na waridi zake mbili. Alipofika kwenye jina la Makarius Ndayiragije, mkono ulisimama.

Makarius alikuwa kaka yake.

Alifariki Agosti mwaka jana. Lori alilokuwa akiendesha liliungua njiani, mbali na nyumbani, na jeneza lililetwa limefungwa. Josepha mwenyewe alichapa kwenye ratiba kwamba hakutakuwa na kuaga kwa kuona mwili. Mama yao, Rosa, mkulima wa Rungwe Mpya wilayani Kasulu mwenye miaka 71, alizika sanduku. Uso hakuuona.

Kesho yake Josepha alipanda gari la kwenda Kasulu. Alimkuta mama yake amependeza, amevaa kitenge cha Krismasi siku ya Jumanne. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jipya. Ukutani, karibu na mlango, ulikuwa umeegemezwa msalaba wa mbao wenye jina la Makarius, umefutwa udongo vizuri.

"Mama, nani ameung'oa?"

"Mimi," Rosa alijibu. "Pale kalala mtoto wa watu. Si vizuri kumwekea jina lisilo lake."



Rosa hakutaka kutoa simu. Alikuwa ameambiwa asimwambie Josepha. Aliposhindwa kuvumilia alimpa, kwa sababu furaha ya miezi miwili ilikuwa imemlemea. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Mama, aliyezikwa si mimi." Wa pili ulieleza kwamba alinusurika, moto ulimharibu koo, hawezi kupiga simu. Kulikuwa na sauti iliyorekodiwa ya sekunde tisa. Josepha aliisikiliza. Mtu alikuwa anapumua tu.

Ujumbe mwingine ulisema: "Usimweleze Josepha. Yeye ndiye aliyeandika kwamba nimekufa."

"Niliendelea kusoma na nikaanza kujua sentensi inayofuata kabla sijaifikia," anasema Josepha. Ujumbe ulisema: "Mimi ni mtoto wa nne kati ya saba. Tangu utotoni nilikuwa mcheshi. Nilimpenda mama kuliko kitu chochote." Ulikuwa wasifu alioutunga yeye, neno kwa neno. Palipoandikwa "marehemu" pamewekwa "mimi".

Rosa alikuwa ameshatuma picha ya kitambulisho chake cha taifa, mbele na nyuma, ili "mwanawe" atengenezewe vyeti vipya. Na asubuhi ile ilikuwa imeingia kwenye simu namba ya tarakimu sita ya kuthibitisha WhatsApp yake. "Makarius" aliiomba. Rosa, ambaye husoma polepole kwa kidole, alikuwa ameinakili kwenye kalenda ya kanisa na alikuwa anatafuta miwani ili aitume. Angeituma, akaunti yake ingehamia mikononi mwa mgeni yule, pamoja na majina yote ya ndugu waliomo.

"Mama, huyu ni mwizi."

"Ananiuliza kama nimekula. Mwizi anauliza hivyo?"

Hapa Josepha alikwama. Kila alilojua kuhusu kaka yake, mwizi naye alilijua, maana alilisoma kwake. Angemuuliza nini? Jina la utani? Lilichapwa. Mbuzi aliyemfuga utotoni? Yupo ukurasa wa pili.

Ndipo akakumbuka kile ambacho hakukichapa.

Nani husema mabaya ya mtu mbele ya jeneza lake? Josepha naye aliandika kwamba Makarius hakukosa Krismasi hata moja nyumbani. Ukweli ni kwamba aligombana na mama yake kuhusu shamba la kahawa la marehemu baba, akaondoka amefura, na kwa miaka minne hakukanyaga Rungwe Mpya wala kupokea simu ya Rosa. Alirudi ndani ya gari la maiti.

"Muulize kwa nini hakuja," Josepha alimwambia mama yake. "Miaka yote ile minne. Muulize tu."

Rosa alichukua muda mrefu kuandika. Kuku waliingia ndani na hakuna aliyewafukuza. Jibu lilikuja haraka, lina mioyo miwili myekundu: "Mama, mbona nilikuwa nakuja kila Krismasi?"

Rosa alilisoma kwa kidole, mara mbili. Kisha akaigeuza simu kifudifudi mezani na kusema, "Ego," neno la Kiha la kukubali, kwa sauti ndogo sana. Halafu akalia, na Josepha anasema kilio cha siku ile kilizidi cha mazishi. Mama wa watu alimzika mwana mmoja mara mbili, na mara ya pili aliyeshika sepetu ni binti yake.

"Yule Makarius mwenye upendo nilimtunga mimi," anasema Josepha bila kujitetea. "Mwizi alimkopa kwangu."

Namba ya tarakimu sita haikutumwa. Kitambulisho ndicho hakirudi. Aprili, familia moja ya Kumsenga ilipokea ujumbe kutoka kwa ndugu yao waliyemzika, na ili waamini, ilifuatia picha ya kitambulisho cha mama mmoja "anayemhifadhi". Mama huyo alikuwa Rosa, anatazama mbele, macho makavu. Jalada liko polisi, bado wazi.

Kwa hiyo Josepha anafuta. Nakala kamili ya wasifu huchapwa kabla hajafuta chochote, husomwa kaburini na kurudishwa kwa familia. Inayokwenda mtandaoni ina jina na siku ya mazishi tu. Amefuta faili zote 312, na kwa ruhusa ya paroko husimama baada ya misa na kuwaambia watu jambo moja: "Namba iliyoingia kwenye simu yako, hata padri haihitaji." Watu hucheka, lakini anasema siku hizi wengine humpigia kabla ya kujibu ujumbe. Wateja kadhaa wamemkimbia kwa kuona wasifu wake umekuwa mfupi.

Bazilio hakukimbia. Analipa, anakunja karatasi, anapanda baiskeli.

Agosti, mwaka mmoja utakapotimia, familia itakusanyika Rungwe Mpya kuusimamisha msalaba tena, na Josepha anaandaa wasifu mwingine wa Makarius, nakala moja, kwa mkono. Aliandika mwanzo wake mara tatu akimpamba. Mara zote tatu Rosa alimrudishia.

"Andika kwamba hakuja, mwana wanje," alimwambia, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Anayekuja kila Krismasi simjui. Wangu ni yule aliyekasirika."