Mkono Juu ya Meza ya Mwasisi

Chumba kile cha makumbusho kilikuwa na Waasisi wengi kuliko nchi ilivyowahitaji. Kulikuwa na Mwasisi mwenye magwanda, Mwasisi mwenye miwani, na Mwasisi kijana aliyepewa na mchoraji wake shingo nene isiyoweza kuingia shati lolote. Wafanyakazi waliwapita wote bila kuwatazama. Mfagizi peke yake ndiye aliyekuwa na Mwasisi wake. Kila asubuhi, akishapiga deki, alisimama mbele ya picha kubwa, ile ya Mwasisi ameketi mezani, akanong'ona, "Umeamkaje, mzee?"

Hakuwa akimwamkia Mwasisi. Alikuwa akiuamkia mkono wa kushoto.

Zamani zile Mwasisi hakuwa na nafasi ya kukaa kitako achorwe. Mchoraji alipewa koti lake na picha ndogo ya uso, mwili akaambiwa autafute mwenyewe. Akampata seremala wa mtaani, mume wa mfagizi, jamaa wa mabega mapana. Seremala akakalishwa kitini wiki nzima ndani ya koti la mkuu wa nchi, jasho linamtiririka, hata kujikuna hana ruhusa. Kwa hiyo uso ukawa wa Mwasisi, na mkono uliolala mezani ukawa wa seremala, pamoja na kidole cha mwisho kilichopinda tangu siku nyundo ilipokosa msumari.

"Nimetawala wiki nzima," alimwambia mkewe, "na sikumfunga mtu."

Seremala alifariki mkewe akiwa mjamzito. Baadaye nyumba yao ya mbao iliteketea pamoja na kila picha yake, na sasa hata mfagizi mwenyewe uso ule ulikuwa umeanza kumtoka. Masharubu aliyakumbuka, macho hayakumjia tena. Kilichobaki duniani ni kidole kile. Binti yao, ambaye hakuwahi kumwona baba, hakujua lolote, maana seremala alikuwa ameapishwa asiseme, na mkewe naye akakishika kiapo hicho kama urithi.

Mwaka huu alichoka kunyamaza. Alimpigia binti simu, akamsimulia yote, na binti akalia mpaka maneno yakamkatika, akaahidi kuja mara tu akipata likizo. Mfagizi alikata simu moyo umejaa. Mwongoza wageni alipomkuta anafuta machozi na kumuuliza kulikoni, akamwambia na yeye.

Hapo ndipo alipokosea, maskini, na wala hakukosea kwa ubaya. Mwongoza wageni alikuwa mtu wa kutia chumvi. Wiki hiyohiyo wageni walianza kuinama mbele ya picha, wakicheka, wakitafuta kidole, uso wa Mwasisi hauna anayeujali. Askari wa getini wakampachika jina. "Shikamoo, Mke wa Rais!" Naye akaitikia, akacheka, akatembea na ufagio wake kichwa kimevimba kidogo. Miaka yote ya ujane hakuwahi kuitwa mke wa mtu yeyote.

Mkurugenzi alimwita ofisini, akamkaribisha kiti.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Hilo ndilo tatizo. Ungekuwa unazusha, ningekuacha upige domo mpaka uchoke. Lakini watu hawaji hapa kucheka kidole cha Mwasisi. Kitanyooshwa."

"Ni kidole tu, bosi. Kinamkosea nani?"

Mkurugenzi alipangapanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Pole, mama," alisema.

Fundi wa picha alikuja siku ileile ambayo binti alikuwa safarini. Alikuwa dada mpole mwenye aproni. Mfagizi alimsogelea na ndoo yake.

"Mwanangu, huwezi kuanza na shingo ya yule kijana pale? Binti yangu anafika alasiri. Akione tu, basi."

Fundi alitazama mlangoni. "Ningekuwa na uwezo, mama, ningekuachia. Nimeambiwa nianze na hicho."

Akakifuta kwa pamba na dawa, taratibu, kisha akachora kingine kilichonyooka, kidole cha mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Alipomaliza alinawa mikono, akaaga kwa adabu.

Ndoo ya taka ilibaki sakafuni, na kumwaga taka ilikuwa kazi ya mfagizi. Aliibeba hadi uani, akachutama, akaanza kuchambua pamba. Zote zilikuwa za kahawia. Mchoraji alikuwa ameipaka meza na mkono rangi moja, na fundi alikuwa amefuta kidole na ubao wa meza pembeni yake. Mfagizi aliinua pamba moja, akaiweka, akainua nyingine. Hakuweza kujua ipi ni meza na ipi ni mume wake. Dereva wa gari la taka akapiga honi. Akamwaga zote.

Simu ikaita mfukoni. "Mama, nimeshashuka kwenye basi," binti alisema, sauti yake inacheka. "Nipitie mlango upi?"

Akamwambia wa mbele, kisha akaenda kumngoja, hajui atamwonyesha nini.