Telesphor Kasonta, Mchimba Vyoo wa Songambele

Alizaliwa Telesphor Kasonta mwaka 1919 katika nchi ya Wapimbwe, msimu mpunga ulipokuwa unatoa masuke, na mama yake alishikwa na uchungu akiwa shambani anafukuza ndege. Baba yake, mzee Kasonta, alikuwa fundi wa kuchimba visima, na kwa mtoto wake huyo wa pekee hakuacha urithi mwingine ila sululu moja ya mpini wa mninga na ujuzi wa kuusoma udongo. Mtoto alibatizwa misheni, akakua akipenda kanisa kuliko kula. Akiwa kijana aliomba kupokewa awe bruda, yaani mtawa wa kiume, lakini Mungu alikuwa amemuumba na kigugumizi kizito. Mkuu wa nyumba ya mabruda alimsikiliza akijitahidi kusali Baba Yetu, akangoja, akangoja tena, halafu akamrudisha nyumbani kwa upole. Telesphor alilia njia nzima. Baadaye alimuoa Hilaria, binti wa kijiji cha Mamba, wakajaliwa mwana mmoja, Adolf, naye Telesphor akaishika sululu ya baba yake kwa sababu tumbo halingoji wito.

Wengine wangesema basi, Mungu hakunitaka, wakageuza shingo. Yeye hakugeuza. Kila mwaka baada ya Pasaka alikwenda kwa padre, kofia mkononi, kuomba apewe kazi ya Mungu, yoyote ile: kufagia kanisa, kupiga kengele, kuwasha mishumaa. Kila mwaka alikuta kazi hizo zina wenyewe. Alikuwa anarudi nyumbani ananung'unika kwamba maisha yake yanaishia mashimoni kama ya panya buku. Nalisema hili wazi, maana wapo wanaodhani watu wa Mungu huzaliwa wametulia. Telesphor hakuzaliwa ametulia hata kidogo, na mke wake alikuwa shahidi wa hilo.

Mwaka 1974 serikali ilihamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika waje kukaa pamoja, na familia ya Telesphor ikajikuta Songambele, kijiji kipya upande wa Kakese, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Zamani kila ukoo ulikuwa na pori lake nyuma ya nyumba. Sasa nyuma ya nyumba yako palikuwa mbele ya nyumba ya jirani, na haja haina adabu. Bwana afya alitoa amri: kila kaya choo cha shimo. Tatizo ni kwamba ardhi ya Songambele ni ya kichanga. Unachimba asubuhi, jioni shimo limejifukia lenyewe. Hapo mtoto wa mchimba visima akainuka. Alisuka fito kama mtu anayesuka tenga kubwa, akazishusha shimoni zishike kuta, na shimo likasimama. Alichimba la kwake, akachimba la jirani, akachimba la wajane na vikongwe bila kuombwa. Vijana walimpa jina la Mkatoliki wa Chooni. Naye alivumilia, ingawa Hilaria anasema usiku alikuwa anauliza ukuta, hivi Mungu alishindwa kabisa kuniona kanisani mpaka anitafute huku?

Padre wa parokia wakati huo alikuwa Padre Callixte, mtu mwembamba aliyekuwa anakuja na baiskeli kila mwezi kusomea watu misa chini ya turubai. Siku moja, kabla ya misa, alionyeshwa choo kipya cha Telesphor, kimeezekwa vizuri kwa nyasi. Alikaa humo kitambo. Misa ya siku hiyo ikawa ndefu na tamu, mahubiri yakafika moyoni. Baadaye padre alimwita Telesphor kando akamwambia maneno ambayo Songambele wanayarudia hadi leo, na wanacheka kila wanapoyarudia: "Baba Adolf, nimesoma misa nyingi katika kijiji hiki. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesoma bila haraka."

Telesphor alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, alishika sululu kwa furaha. Alianza kufanya ishara ya msalaba kabla ya kupiga pigo la kwanza, na kwa kila shimo alitaja jina la mwenye nyumba katika sala, maana kichwani, alisema, hana kigugumizi. Kufikia mwaka 1976 hapakuwa na kaya isiyo na choo. Viongozi walikuja, wakasifu, wakapiga makofi. Telesphor alivaa koti lake la harusi siku hiyo, na kusema kweli alitembea kijijini kifua mbele.

Lakini nyani haoni kundule. Katika watu wetu wa huku, baba mkwe na mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe, wana heshima kubwa baina yao. Hawakai jamvi moja, hawaitani kwa majina, na mwanamke hawezi kabisa kuingia choo anachoingia baba wa mume wake, afadhali afe. Mila hiyo Telesphor aliijua tangu utotoni kama anavyoijua njia ya kwenda mtoni. Lakini katika miaka yote ile ya kuchimba haikumjia akilini hata mara moja, kwa kuwa hakuna mwanamke ambaye angeweza kumwambia mwanaume jambo kama hilo. Choo kimoja kila kaya maana yake ni kwamba wake wote wa vijana wa Songambele walikuwa bado wanakwenda porini, alfajiri na magharibi, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Na mmoja wao alikuwa Kalista, mke wa Adolf, aliyekuwa analala katika ua uleule wa Telesphor.

Masika ya 1977, Kalista akiwa na mimba ya miezi ya mwisho, alikwenda porini alfajiri mvua ikinyesha, akakanyaga kifutu, nyoka mwenye sumu, akamuuma. Watu walimkuta majaruba yameanza kujaa maji. Yeye mwenyewe alipona baada ya kuumwa sana, mtoto hakupona. Ilikuwa awe mjukuu wa kwanza wa nyumba ile. Hilaria ndiye aliyemweleza mumewe kwa nini mkamwana alikuwa huko pamoja na choo kizuri hivyo kusimama uani. Telesphor alikwenda akaketi nje ya nyumba ya mwanawe, mgongo ameupa mlango kama heshima inavyotaka, akakaa hapo mpaka jua likapanda. Ndipo alipozungumza na Kalista moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Mwanangu," alisema, "nimechimbia kijiji kizima, nikakusahau wewe."

Ndani Kalista alilia, na nje mzee akalia.

Tangu siku ile hakutaka sifa tena. Alichimba shimo la pili upande wa pili wa ua, mlango ukiangalia kwingine kabisa, ili mkamwana aende na kurudi bila kukutana na macho ya mkwe. Jumapili ya misa aliomba ruhusa kwa Padre Callixte asimame mbele ya watu. Mtu aliyekataliwa ubruda kwa kigugumizi alisimama akahangaika na maneno yake, na safari hii waumini walingoja. Aliuliza ni nani kati yao ambaye mkamwana wake bado anakwenda porini. Wanaume waliangalia miguu yao. Wanawake nao waliangalia miguu yao, lakini wengi walikuwa wanatabasamu. Wazee kadhaa walimjia juu baada ya misa: mambo ya wanawake yamezungumzwaje kanisani? Mzee Ubaldo, balozi wa nyumba kumi, alisema shimo moja linatosha serikali, basi na litoshe wote, na kwamba yeye hatachafua suruali kumchimbia mkwewe. Telesphor alimwambia asijisumbue kuchimba, achague tu mahali.

Ndipo lilipokuja jaribu lake kubwa, nalo lilikuja limevaa baraka. Padre Callixte alimletea habari kwamba kanisa la mjini Mpanda, lile la karibu na Majengo, linatafuta mtunza sakristia: kupiga kengele, kutunza mavazi ya misa, kuwasha mishumaa, na chumba cha kulala kimo. Kazi yote aliyoililia miaka arobaini ilikuwa mezani, na ilibidi aanze kabla ya mvua. Hilaria alianza kufunga vyombo. Lakini mashimo ya wakamwana hayakuwa yamefika nusu ya kijiji, na mvua ikianza kichanga hakichimbiki. Telesphor aliomba siku ya kufikiri. Aliitumia akichimba kwa mzee Ubaldo, na jioni alimpelekea padre jibu: "Padre, kengele haikosi mpigaji. Haya mashimo ya wakamwana hakuna anayeyataka ila mimi." Padre aliinua mkono akambariki, yeye na sululu yake. Hilaria alifungua vyombo huku akisonya, halafu akaenda kushika kamba ya ndoo ya udongo, na hakuiacha mpaka shimo la mwisho.

Mvua zilipokuja mwaka 1978 zilikuja na kipindupindu. Vijiji vya jirani vililia. Watu walizika asubuhi wakazika jioni. Songambele waliugua wachache, na hawakuzika hata mmoja. Watu wanaita muujiza wa Telesphor, na wapo wasomi wanaosema si muujiza, ni vyoo. Mimi sioni ugomvi wowote hapo. Mungu aliyetaka kuponya kijiji alimtafuta mtu wa kumshikia sululu, akampata.

Ugonjwa ulipopungua, vijiji vilivyofiwa vilimwomba aje, naye akaenda, mzee wa miaka karibu sitini, sululu begani. Agosti 1979 alikuwa katika vilima vya Mwese anamchimbia mjane, Mama Marsela, yeye na wakamwana zake, ukuta ulipomwangukia kabla hajashusha fito. Walimtoa akiwa hai, wakamleta nyumbani kwa machela, akapokea Mafuta Matakatifu. Kalista alisimama nje ya mlango, kwani mkamwana haingii anapolala baba mkwe. Telesphor alimsikia anauliza hali yake. Akasema, bila kigugumizi hata kidogo, na waliokuwepo wote wanashuhudia: "Mwambieni mwanangu aingie." Akaingia. Alfajiri mzee akafariki.

Kwetu kaburi huchimbwa na wanaume. Vijana walikuwa wameshafika makaburini na majembe, wanagombania nani aanze, maana kila mmoja alitaka kusema alimchimbia aliyewachimbia. Kalista aliwapita. Alivua kanga ya juu akajifunga kiunoni, akashika sululu ya mpini wa mninga, akafanya ishara ya msalaba na kupiga pigo la kwanza. Mzee Ubaldo alifungua kinywa azuie, akakifunga. Nyuma ya Kalista wakaja wakamwana wengine wa kijiji, mmoja mmoja, kila mmoja pigo lake, kisha wakawaachia wanaume wamalize.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatumtangulii Kanisa. Lakini kila mwezi wa nane Wakristo wa Songambele huleta majembe, sufuria za mama lishe, vyerehani na chaki za walimu mbele ya altare vibarikiwe, na sululu yake hutangulia. Nasi tunaomuenzi tumuige hivi: kazi iliyo mikononi mwetu tuifanye na jina la mtu moyoni, kisha tuangalie tena ni nani tumemruka. Kwani hadi leo, mtu akianza kujenga katika kijiji kile, awe Mkristo au Mwislamu, majirani hawamuulizi kwanza habari za bati wala milango. Wanamuuliza: "Na mkamwana wako ataingia wapi?"