Rashasha Aliyoibeba Mogaka

Kilo kumi! Daktari aliyepewa kazi ya kuamua kama jeshi la Marekani ndilo lililomharibia Mogaka mgongo aliisoma namba hiyo kama mtu anayesoma bei ya vitunguu. Mogaka, nesi anayeishi Pearland, karibu na Houston, na anayesubiri dai lake likubaliwe ili afanyiwe upasuaji, alihisi damu inamchemka.

Faili lilidai alibeba rashasha ya M240L. Uongo mtupu! Hiyo L, yenye mwili wa titani, metali nyepesi, ilifika kikosini yeye akiwa ameshafunga virago. Milima ya Afghanistan aliipanda na M240B, chuma kitupu, kilo kumi na mbili na nusu kabla hujaweka risasi hata moja.

"Daktari, hiyo bunduki unaijua?" aliuliza. "Asili yake Ubelgiji. Wamarekani walipoichukua waliifunga kwanza kwenye vifaru, na kifaru hakina mgongo wa kuuma! Baadaye wakaitoa humo, wakaitia kitako na miguu, wakampa binadamu aibebe. Miaka ikapita ndipo wakakumbuka kuipunguza uzito. Nimelia mimi, amepunguziwa mwingine!"

"Ulilia wapi?" daktari aliuliza. "Kwenye rekodi za zahanati ya kambi hukulalamika hata mara moja."

Kila Mogaka alipoulizwa hali yake kambini, alijibu kama baba yake na babu yake kule Nyamira: niko sawa. Alijibu hivyo hata siku ile ya mwaka 2009 aliyoteleza na kile chuma begani, akainuliwa na wenzake wawili. Na ndiye huyu huyu anayewagombeza wagonjwa wodini Houston, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua! Mtu mzima hovyo.

"Aina ya bunduki nitairekebisha," daktari alisema. "Lakini nieleze ya leo. Maumivu ni ngapi kati ya kumi?"

"Tatu," Mogaka akajibu, kifua mbele.

Mkewe Lydiah, aliyekuwa amekaa kimya kando yake, aliruka juu.

"Ati tatu?" alimfokea kwa Kiswahili. "Baba Whitney, ni nani amekufunga kamba za viatu leo asubuhi? Si ni mimi, nimepiga magoti? Hawa watu wamekudharau miaka yote hii, na bado unawasaidia!"

Mogaka aliangalia viatu vyake. Hasira alikuwa bado nayo, ila sasa hakujua amkasirikie nani.

"Tisa," akamwambia daktari. "Andika tisa. Tangu mwaka 2009."