Kompyuta ya Persis na Siku ya Saba

Watu wa Nyamira walisema Persis karogwa na mashine. Na wasilaumiwe, maana mwanamke aliyekuwa akichapia nusu ya mji mitihani na ratiba za mazishi alianza, mwaka huo wa tisini na tisa, kuwarudisha wateja mlangoni. "Kompyuta ina kazi," aliwaambia. Wakichungulia sebuleni hawaoni mtu ameikalia, ila kioo chenye mstari wa kijani unaorefuka kwa mwendo wa kinyonga. Kazi gani hiyo jamani, isiyo na mfanyakazi?

Kazi ililetwa na Nishant, mwana wa mzee Jagdish mwenye duka la vyuma Kisii. Persis ndiye aliyemfundisha kuchapa zamani, na sasa kijana alikuwa ng'ambo akisomea mambo ya damu. Chuo chake kiliomba watu wa kawaida wakiazime kompyuta zao wakati zimekaa bure, kila moja ipige kipande chake cha hesabu, kwa sababu hesabu zenyewe zilikuwa nyingi kuliko mashine za chuo. Hesabu za nini? Za selimundu, ugonjwa unaozikunja chembe za damu mpaka zinaziba mishipa na mtoto analia mifupa. Persis hakuuliza swali la pili. Ugonjwa huo ulikwisha kumzikisha mtoto mmoja, na wa pili, Nyanchoka wa miaka tisa, alikuwa chumbani wakati ule ule amekumbatia magoti.

"Mwalimu, usitarajie dawa kesho," Nishant alimwonya. "Labda miaka kumi. Labda ishirini."

Persis alisikia ile "labda" tu. Mfa maji haachi kutapatapa. Akapokea programu, disketi, na betri ya kushikilia kompyuta umeme ukipotea. Nishant akaahidi kurudi Desemba kuchukua majibu.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ninakwambia, hata wewe ungelifanya. Persis alikuwa Msabato, na mumewe Josiah alikuwa mzee wa kanisa. Katika nyumba ile jua la Ijumaa likishatua hakuna jembe, hakuna sindano, hakuna sufuria kuinjikwa jikoni. Chakula kimepikwa mapema na viatu vimepigwa rangi. Amri inasema usifanye kazi wewe, wala mtumwa wako, wala mnyama wako. Josiah akaona mashine inayomfanyia mtu kazi haina tofauti na ng'ombe wa kulima, nayo ipumzike. Persis akakubali kwa moyo mweupe. Kila Ijumaa aliizima kompyuta, Jumamosi jua likitua akaiwasha na kutia disketi mpya. Mstari ukaanza mwanzo. Wiki mpya, kipande kipya, ndivyo alivyodhani.

Miezi minane! Nyanchoka akishikwa na maumivu, mama humleta sebuleni, humlaza kwenye kochi na kumwonyesha kioo. "Tazama, ile ni yako. Inakutafutia." Mtoto akautazama mstari, na mara nyingine akanyamaza.

Jumapili moja ya Desemba Nishant akafika, akatia disketi ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Ya kumi na moja, tupu. Akamuuliza Persis jinsi anavyoitumia mashine, naye akaeleza kila kitu, Ijumaa na Jumamosi, kwa fahari kabisa.

Nishant akaitoa disketi ya mwisho taratibu. "Mwalimu," alisema, "kipande kimoja kinataka siku saba bila kuzimwa. Ukiizima kabla hakijaisha, kinafutika na kuanza upya."

"Kile kile?"

"Kile kile. Kosa ni langu, sikukwambia."

Persis alicheka, kicheko kibaya cha kuogofya, halafu akaketi sakafuni. Miezi minane alikuwa akitwanga maji kwenye kinu, na mwanawe akitazama.

"Unaondoka lini?"

"Jumapili ijayo mchana. Na mwisho wa mwezi chuo kinafunga zoezi, hakipokei tena."

Basi nafasi ilikuwa moja tu. Saa nne asubuhi hiyo hiyo Persis akaiwasha.

Jumatano Nyanchoka alizidiwa. Hospitali walimtia maji ya mshipa, wakampa dawa ya maumivu, wakasema mengine ni kumwombea. Ijumaa jioni alikuwa kwenye kochi, midomo imemkauka, na Josiah amesimama na Biblia tayari kuifungua Sabato.

"Mama Nyanchoka, jua linatua."

"Leo siizimi, Baba Nyanchoka. Kondoo akitumbukia shimoni siku ya Sabato si hutolewa? Mtoto wangu yumo shimoni!"

"Kondoo hutolewa kwa mkono," Josiah akasema, macho yake kwa mtoto, kwani alikuwa baba pia. "Hatolewi kwa labda." Lakini hakuigusa mashine. Alikaa kitini akaufunika uso kwa mikono.

"Mama," Nyanchoka akaita. "Zima."

"Ni yako hii, mwanangu. Imebaki siku moja na nusu tu."

"Baba alisema nyumba ikifanya kazi Sabato, maombi yake hayafiki. Mimi nataka yafike leo. Inauma leo, mama."

Ee Nyasae, Mungu wangu! Persis aliukodolea macho mstari. Sabini na sita kwa mia. Aliuchukia, akamchukia Josiah, akawachukia wasomi waliotaka siku saba na Mungu aliyetoa sita. Wangempa Jumamosi moja tu, basi. Alijua pia kwamba akiiacha, mtoto atalala usiku kucha akiamini mama yake mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango wa mbinguni.

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Akapanda kwenye kochi, akamkumbatia mtoto aliyekuwa akiwaka homa, na Josiah akaja akapiga magoti kando yao akaanza kuomba. Nyanchoka alingoja mpaka amina ya kwanza.

"Sasa anatusikia, mama?"

"Anatusikia," Persis akadanganya, Sabato ikiwa haijatimiza hata dakika kumi.