Baruti ya Baba, Ufunguo kwa Bibi

Wiki iliyopita nilipita kwenye mtaa wetu wa zamani kule Seven Hills, pembeni ya Sydney, nikakuta nyumba tuliyopanga nilipokuwa mtoto imeshushwa chini yote. Ilibaki gereji ya mabati peke yake, imesimama katikati ya kifusi kama mgeni aliyesahauliwa harusini. Dereva wa katapila alikuwa kando anakula mkate. Nikamwomba niingie nichungulie kidogo. Akanitazama kama mtu aliyetoroka mahali, kisha akainua bega: chungulia tu. Ndani hamkuwa na kitu. Lakini ukutani matundu ya skrubu yalikuwepo bado, pale kabati la chuma lilipokuwa limefungwa, na mimi na kitambi changu nikayatazama mpaka jamaa akamaliza mkate wake.

Utacheka, rafiki yangu, ukijua kabati lile lilihifadhi nini. Lilihifadhi baruti.

Baba yangu siku za kazi alikuwa mpakiaji kwenye ghala moja la bidhaa, mahali ambapo jina lake la ukoo lilikatwakatwa mpaka ikabaki silabi moja. Lakini Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwenye uwanja wa shabaha, na huko alikuwa mfalme. Nakwambia bila chumvi nyingi, baba angeweza kumtoboa inzi sikio na inzi mwenyewe asigeuke. Wazee wa Kizungu wenye ndevu hadi kifuani walimsogezea kiti na kumwuliza upepo unaendaje. Jina lake walilitamka lote, tena kwa adabu. Alirudi nyumbani jioni anatembea kwa mabega mapana, na Jumatatu mabega yakarudi mahali pake.

Wenzake wa uwanjani ndio waliomfundisha kujaza risasi mwenyewe, jambo ambalo mwenye leseni anaruhusiwa. Ganda la shaba lililokwishapigwa halitupwi. Linasafishwa, linatiwa kitakoni fataki mpya, ile ya kuwashia baruti, linapimiwa baruti, halafu kichwa cha risasi kinakandamizwa juu yake kwa mashine ya mkono. Mpaka leo nikisikia mlango wa zamani ukikwaruza na kugota, naisikia mashine ile. Kazi yangu mimi ilikuwa kuanika maganda matupu juani, kwenye kanga iliyochakaa, bega kwa bega na pilipili za mama. Siku ya jua kali ua wetu uling'aa kiasi kwamba nadhani marubani walitutumia kutafutia uwanja wa ndege.

Sasa baba alikuwa mtu wa Songea, na kwao nyumba yenye ghala tupu ni aibu ya ukoo mzima. Uwanjani ukazuka uvumi kwamba meli zimechelewa na baruti itaadimika madukani. Basi! Kila akipita dukani alirudi na kopo. "Akiba haiozi," alisema, na mama akajibu, "Haiozi, ila inalipuka." Hata hivyo kila kitu alikiweka kisheria. Sheria ile aliisoma kama mlokole mpya anavyosoma Injili. Baruti ibaki kwenye makopo yake yaleyale iliyonunuliwa nayo, fataki zikae mbali nayo, kabati liwe na kufuli, lifungwe ukutani, mbali na moto. Na ufunguo uwe kwake mwenye leseni, kwake peke yake.

Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Bukavu, hakutaka kusikia habari hizo. "Baba, we unachungaka baruti mu nyumba?" alimwambia baba juu ya ua. "Sisi tulikimbiaka hiyo kitu!" Baba akamweleza kufuli, kabati, leseni. Yule mama akatikisa kichwa, akaenda kuhamisha kuku wake upande wa pili.

Ndipo bibi, mama yake baba, alipokuja kututembelea kutoka Songea, na nyumba ikanuka tena kama nyumba. Alikuja na dagaa wa Nyasa waliofungwa mara saba kwenye plastiki, wakapita uwanja wa ndege kwa miujiza ambayo Kanisa lingepaswa kuichunguza. Mimi aliniita "mume wangu," akinitania kwamba nimemwacha miaka yote bila kumnunulia hata chumvi. Makopo ya baruti yaliyokwisha aliyapenda kuliko vyombo vyote vya mama, kwa sababu vifuniko vyake vilibana sawasawa. Aliyasugua mpaka plastiki ikaomba msamaha, akatia humo choroko, binzari na wale dagaa wake.

Siku alipoona kabati, hakushtuka hata kidogo. Marehemu babu alikuwa na gobore la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori. Bibi akauliza jambo moja tu: "Baruti anashika nani?"

"Mimi, mama," baba akasema.

"Na bunduki?"

"Mimi."

Bibi akaketi. Akamweleza kama anayemfundisha mtoto kula kwa mkono wa kulia. Kwao, bunduki hushikwa na mwanamume, baruti hushikwa na mwanamke. Hivyo ndivyo walivyoishi na babu maisha yao yote. "Hasira ikimpanda mume, ije kwangu kwanza kuomba baruti. Ikifika kwangu imeshachoka." Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Mama alimvuta baba jikoni. Nilikuwa namenya vitunguu, nikasikia yote. "Baba watoto, sheria inasema ufunguo ni wako. Wakijua wanakunyang'anya leseni."

"Nimwambieje mama yangu? Kwamba simwamini?"

"Mwambie sheria."

"Sheria ya nani? Yeye ndiye aliyenifundisha sheria."

Basi ufunguo ukahamia kwenye pindo la kanga ya bibi, umefungwa fundo ambalo hata daktari wa upasuaji asingelifungua. Baba akitaka kujaza risasi, alimwendea kwanza. Bibi alimtazama machoni, akamwuliza amekula nini na amegombana na nani kazini, ndipo akafungua fundo. Akimaliza, ufunguo ulirudi palepale. Mimi utotoni niliona ndiyo nyumba yenye amani kuliko zote Sydney. Baba hakupaza sauti miezi yote ile.

Halafu polisi wakapiga simu kwamba watakuja kukagua hifadhi, kama wanavyofanya kwa wenye leseni. Asubuhi ya siku hiyo baba aliuomba ufunguo, akapewa, akautia mfukoni mwake. Mama alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu bibi atue. Askari alikuja mmoja, kijana mpole, akavua kofia mlangoni bila kuambiwa. Akapita jikoni, akaona makopo ya baruti yamepangwa kando ya jiko, akasimama ghafla. Rangi ilimtoka mpaka nikaogopa atapotea mbele yetu. Mama akafunua moja moja. Choroko. Binzari. Alipofika kwenye dagaa, yule kijana akapiga chafya, akacheka, sote tukacheka, na bibi akamwambia kwa Kiswahili, "Kunywa chai mwanangu, umekonda."

Kwenye gereji mambo yalikwenda kama harusi. Alitikisa kabati, halikutikisika. Baba akalifungua, askari akasoma lebo, akatazama fataki zilipokaa, akasema hajaona utaratibu mzuri hivi muda mrefu. Baba akafunga kufuli. Nilimwona mabega yanapanuka, mabega ya Jumapili, siku ya katikati ya wiki.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, ametulia. Alipoona kazi imekwisha, akanyoosha mkono wake kwa baba, kiganja juu.

"Lete."

Najua unachotaka kuniambia. Angejifanya hakusikia. Angekohoa, angetia ufunguo mfukoni, angesema neno lolote. Lakini wewe fikiria: mama yako mzazi amenyoosha mkono mbele ya mgeni, na mkono unaning'inia hewani. Mama alikuwa nyuma ya askari, anatikisa kichwa polepole. Mimi nimeshika sinia ya chai. Baba alimtazama mama yake, akamtazama askari. Halafu akauweka ufunguo kwenye kile kiganja, kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Bibi akafunga fundo, akatabasamu kwa mgeni.

Askari akalitazama lile fundo. "Bwana, mama yako ana leseni?"

Baba akasema hana. Yule kijana alikunywa chai yake yote, nadhani kwa heshima tu, na alipoondoka alionekana yeye ndiye aliyefiwa.

Leseni ilifutwa. Walikuja wengine kuchukua bunduki na baruti, wakati bibi amekwenda na mama hospitali ya Blacktown kupimwa presha, na baba akashukuru angalau kwa hilo. Hakuna aliyemwambia bibi. Aliendelea kulinda kabati tupu kwa uaminifu wote, na baba Jumapili alivaa kofia yake, akatoka, akaenda kukaa bustanini mpaka muda wa kurudi ufike.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, katikati ya watu na mabegi, bibi alifungua fundo la kanga. "Nakurudishia baruti yako," akamwambia. "Kavu. Haijapungua hata punje."

"Ahsante, mama."

"Sasa mpe mkeo."

Baba akageuka, akampa mama ufunguo papo hapo. Mama akaupokea kwa mikono miwili.

Bibi tumemzika Songea. Wazee wa ndevu sijui wako wapi, na gereji nadhani nayo imeshakwenda. Baba sasa anaishi kwenye fleti karibu na stesheni, na hajawahi kuomba leseni tena, ingawa muda wa kukatazwa uliisha zamani. Ukimwuliza sababu, anasema macho yamechoka. Macho hayohayo, ukisimama naye pale stesheni ya Seven Hills, yanakusomea treni inakwenda wapi ikiwa bado haijatoka stesheni ya Blacktown.