Dirisha la Upande wa Ziwa

Nimepanga chumba Gihosha, hapa Bujumbura, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa serikali, na wiki iliyopita aliniita nikaangalie kuku wake. Wewe unanijua, rafiki yangu, mimi sikai mahali. Shule niliiacha mapema, nikapika kwenye kambi za wajenga barabara, nikauza vitenge Uvira, nikaanika samaki Rumonge, na kote huko nilibaki na tabia moja tu: kuingiza pua katika mambo ya watu nijue yanavyokwenda. Mzee ameshaigundua. Kila akinikuta uani ana la kuuliza.

"Weye mama umetembea," aliniambia. "Ebu ona izi kuku. Zimekataa kutaga. Zinaniangalia tu kama wageni waliokosa kiti."

Banda lenyewe zuri kweli. Mbao zimepigwa randa, mlango una bawaba, kuta ni za mbao mbilimbili zilizojazwa maranda katikati, na dirisha ni dogo kama kitabu cha nyimbo. Mwanawe anayeishi Ulaya ndiye aliyelichora, akatuma mchoro kwa simu, na mzee akamsimamia fundi mpaka kila kipimo kikatoka sawasawa. Juu mabati mapya yanang'aa. Ilikuwa mchana wa jua kali. Kuku wote walikuwa nje, wamejibana kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, mbawa zimeachana na mwili, midomo wazi. Nikainama, nikapenyeza mkono ndani ya banda hadi juu kabisa, nikaweka mgongo wa kiganja chini ya bati. Nikautoa upesi.

Mzee akacheka. "Iyo umefundishwa wapi?"

Nilifundishwa mtaa wa Cibitoke, mjini hapa hapa, uani kwa bibi yangu.

Bibi tulimwita Tate, kama wanavyowaita wazee watu wa kwetu, ng'ambo ya ziwa. Alishuka kutoka milima iliyo juu ya Uvira wakati wa vita, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Wengine walibeba masufuria na magodoro. Bibi alibeba kuku. Alimfunga kifuani kwa kitenge, mtetea mwenye madoa meupe kana kwamba amenyunyiziwa unga, akavuka naye mpaka na kichwa cha kuku kikichungulia chini ya kidevu chake. Kuku wote waliokuja kuujaza ua wetu walitoka kwa huyo mmoja.

Mama alikuwa akishinda sokoni, kwa hiyo mimi nilikua miguuni pa bibi, katika moshi wake na harufu ya muhogo uliolowekwa. Asubuhi nilizinduliwa na mchi wake akitwanga sombe, yaani kisamvu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafungulia kuku. Nakumbuka ile harufu ya manyoya yenye joto ikinipiga usoni, na yai la kwanza, ambalo nililiweka juu ya jicho nililofumba kabla ya kulipeleka jikoni. Yai jipya juu ya jicho! Hakuna kitambaa cha hospitali kinachotuliza kama lile.

Banda la bibi lilikuwa lilelile la mlimani. Kule kwao asubuhi watu wakisema wanatoa mvuke mdomoni, na kuku asipolala karibu na moto haoni kesho. Basi bibi alijenga hapa alivyojenga kule. Kuta za udongo, nene kama godoro. Mlango mfupi, kuku anainama akiingia. Dirisha hakuna. Ukuta mmoja uliegemea jiko, pale pale penye mafiga, ili joto lipenye, na fito za kulalia kuku zilibanwa kwenye ukuta huo. Viota vilikuwa juu, karibu na paa, kwa sababu joto hupanda. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: mlimani waliezeka kwa nyasi, hapa mjini bibi alipata bati.

Nilimsaidia kukanda ule udongo kwa miguu, na tulipomaliza alilizunguka banda akilipapasa. Lilikuwa imara kuliko chumba chetu. Sisi upepo ulituingilia ulivyotaka. Kuku walilala kama wako kwao.

Halafu ukaja mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Vumbi lilitanda, mbingu ikawa rangi ya majivu, na milima ya ng'ambo ikafutika kabisa. Kuku wakaanza kufa. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi namkuta mmoja chini ya fito, mdomo wazi, kifua bado vuguvugu. Bibi aliwanywesha maji ya pilipili. Aliwanywesha majivu. Alimhamisha huyu, akamwombea yule. Kuku walizidi kufa, na mayai yakakoma.

Upande wa pili wa wigo aliishi mama wa mapacha, Mrundi mchangamfu aliyekuwa akianika ndagala kwenye mikeka, kiasi kwamba hata nguo zetu zilinuka dagaa. Naye alikuwa na kuku, lakini banda lake bibi alilidharau. Lilikuwa fito tu zilizopigwa kwa nafasi, na juu matete yamening'inia kama nywele zisizochanwa. Ulikuwa unaweza kuwahesabu kuku wake ukiwa barabarani.

"Haya tupu," bibi alikuwa akisema. "Kuku ya mutu mwenye heshima inalala inje kama mulevi?"

Siku moja mama wa mapacha alikuja kuomba makaa ya moto, akamkuta bibi ameshika kuku aliyekufa.

"Mukecuru," akasema, hivyo ndivyo Warundi wanavyomwita mwanamke mzee kwa heshima, "iyi nyumba yako ni furu ya mukate. Unaoka kuku na manyoya yake!" Akacheka.

Bibi hakucheka. "Joto iue kuku? Kuku inakufaka na baridi."

"Kule kwenu. Kule ni kule, mukecuru, apa ni apa. Toboa ukuta."

Bibi alimpa makaa yake kwenye kigae. Tangu siku hiyo hakumwitikia tena salamu.

Mimi sikuelewa. Kwa masikio yangu ya mtoto yule mama hakutukana. Nimeelewa baadaye, baada ya kubeba begi langu katika miji mingi na kuambiwa maneno hayo hayo kwenye milango mingi. Bibi alikuwa ameyasikia bombani alipopanga foleni ya maji, ameyasikia sokoni, ameyasikia ofisini alikokwenda kuandikishwa. Hapa si kwenu. Sasa na kuku wake nao wanaambiwa.

"Toboa ukuta," alinung'unika akitwanga, kila neno na pigo lake. "Leo nitoboe ukuta. Kesho nipande muti. Kesho kutwa niseme mi ni wa apa. Izi kuku ni za kurudi nazo." Na kweli, miaka yote ile hakuwa amepanda hata mgomba. Watu wa kurudi hawapandi.

Katikati ya vifo vile, yule kuku wa madoa akaanza kuatamia. Wanawe karibu wote walikuwa wamekwisha, na yeye ndiye pekee aliyetoka mlimani. Bibi alitukataza kupiga kelele uani, akaacha hata kukohoa karibu na banda. Yale mayai yasipoanguliwa, na mama yao akifa, kusingebaki kitu cha kurudi nacho.

Mchana mmoja nilichungulia. Kuku hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama juu ya mayai yake, miguu imeachana, mdomo wazi, koo linatetemeka. Haketi, wala haondoki.

"Tate, kuku yako inasimama."

"Inageuza mayai."

"Inasimama tangu umeanza kutwanga."

Mchi ukanyamaza. Bibi akapiga magoti penye ule mlango mfupi, akaingiza mkono mpaka bega, akaweka mgongo wa kiganja chini ya bati, vile vile alivyoniwekea mimi kwenye paji la uso nilipokuwa na homa. Aliuacha pale muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Alipoutoa aliutazama.

"Yesu wangu," akasema taratibu. "Ina homa."

Akachukua jembe. Alianza kupiga upande wa milima ya Burundi, bila mpango, na udongo ule mkavu ulilia kama ngoma. Mama wa mapacha akasikia. Akatokea na panga, mikono imejaa magamba ya samaki, akasimama anatazama bila salamu.

"Si uko, mukecuru," akasema mwishoni. "Muchana upepo inatoka ku ziwa. Toboa upande wa ziwa."

Bibi alijua vizuri ziwa liko wapi. Ng'ambo yake ndiko alikotoka. Alisimama kidogo ameegemea mpini. Halafu akazunguka, akaanza kupiga upande ule, na mama wa mapacha akaingia kwa panga kutoka chini. Mapacha walipanda wigo wakapiga kelele, "Mama anabomoa kwa watu!" naye akawajibu bila kugeuka, "Badala ya kutangaza, leteni matete!"

Mchana ule banda lilipangwa upya lote. Walifungua dirisha pana kama sinia. Waliacha mwanya kati ya ukuta na bati, hewa moto itokee. Fito walizing'oa kwenye ukuta wa jiko wakazisogeza dirishani. Matete ya mama wa mapacha yakalifunika bati. Viota vikashushwa chini, kwenye kona ya giza yenye ubaridi, na bibi mwenyewe ndiye aliyekihamisha kiota chenye mayai, kuku akimdonoa mikono njia nzima.

"Donoa, mama yangu," alimwambia. "Una haki."

Tukangoja. Jua lilipoanza kulala upepo wa ziwani ukaja, kama unavyokuja kila siku katika mji huu bila kuitwa. Uliingia dirishani, ukainua vumbi la udongo, ukatikisa manyoya ya shingoni mwa yule kuku. Akafunga mdomo. Akaketi.

"Umeona sasa, mukecuru?"

"Nimeona. Usinicheke."

"Mi sicheki."

"Unacheka na tumbo. Naiona inaruka."

Hapo wote wawili wakaangua kicheko, wamekaa chini kwenye udongo, mmoja ananuka moshi na mwingine ananuka samaki.

Si mayai yote yaliyoanguliwa, lakini yaliyoanguliwa yalitosha. Kisha mvua ikaja ikaosha mbingu. Asubuhi moja nilipiga magoti kuokota mayai, na kupitia dirisha lile, juu ya migongo ya kuku, nikaiona milima ya ng'ambo. Ilikuwa ya buluu, karibu mno, hata makorongo yake yalionekana. Nikamwita bibi. Aliinama akachungulia, na mimi nikangoja aseme kitu kikubwa.

"Leta maji ya kuku," akasema.

Ila tangu hapo kazi ya kuokota mayai asubuhi akaninyang'anya, na alikuwa akichukua muda mrefu kuliko idadi ya mayai ilivyohitaji. Mwaka ule akapanda mpapai karibu na bomba.

Miaka ilipita. Mama mmoja mgeni alihamia parsele ya tatu, yaani kiwanja cha tatu kutoka kwetu, naye ametoka kulekule juu mlimani, na siku chache tu baadaye tukamwona anasiliba banda la kuku lisilo na dirisha. Bibi, wakati huo anatembea kwa fimbo, alikwenda kusimama kwenye wigo wake. "Mama," akasema, "kule ni kule, apa ni apa. Toboa ukuta." Uso wa yule mama ukajifunga kama mlango. Bibi akauona. Alirudi nyumbani, na kesho yake akaenda tena bila neno lolote, na jembe lake, na kwapani mtetea mchanga mwenye madoa.

Bibi hakurudi mlimani. Amelala hapa hapa Bujumbura. Juzi nilipita pale Cibitoke. Kuna ghorofa lenye vigae, na palipokuwa banda pameegeshwa gari. Mpapai hakuna, wigo hakuna, na mama wa mapacha hakuna aliyeweza kuniambia alihamia wapi. Hakuna aliyeamshwa na jogoo mtaa ule kwa muda mrefu, nadhani, na watoto wake wanajua yai likiwa baridi tu, kwenye trei. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikasema nimepotea njia.

Kwa hiyo unaelewa, rafiki yangu, niliposimama na mzee mbele ya banda lake, maneno yale nilikuwa nayo mdomoni tayari. Yeye alikuwa akipapasa ubao, vile vile alivyopapasa bibi udongo wake.

"Amelichora mutoto wangu," akasema. "Uko aliko baridi inakata masikio. Akirudi ataona nimelijenga vile alisema."

"Anarudi lini?"

"Anasemaga mwaka kesho."

Nikayameza yale maneno. "Amelichora vizuri, mzee. Amewafikiria kuku wasipigwe na baridi."

"Ndiyo! Anapenda kuku tangu mudogo."

"Una msumeno?"

Akanitazama. "Wa nini?"

"Tufungue kidogo upande wa ziwa."

"Ziwa haionekani tena, mama. Ghorofa ya jirani imeziba."

"Upepo unapita juu yake."

Akainama kwa shida, akaingiza mkono wake mwenyewe, akauinua mpaka chini ya bati, akauacha pale. Halafu akaenda kutafuta msumeno.

Kile kipande tulichokata hakukitupa. Amekitia bawaba mbili, kiwe cha kufunga, ili mwanawe akija alikute banda lake kama alivyolichora. Kwa sasa kiko wazi, na alasiri nikiwa chumbani kwangu nasikia upepo ukikigonga ukutani.