Usiandike Shwari

Siku yangu ya kwanza kituo cha hali ya hewa, Tanga, nilimwamkia Mkuu wa Kituo, "Shikamoo, mzee." Akaitika marahaba, akanipeleka gatini. "Bahari imekaaje?" Nikatazama khanga yangu, imetulia tuli. "Shwari." Weee! Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Binti, usiandike shwari kwa sababu khanga yako haipepei!"

Alinielewesha taratibu. Upepo huyapa mawimbi nguvu kwa mambo matatu: kasi yake, muda unaovuma, na mbio zake, yaani umbali unaopita juu ya maji bila kukatizwa. Wimbi likiwa juu mara mbili ya mwenzake, nguvu zake ni mara nne. Na upepo ukishakufa huko ulikovuma, wimbi lake bado linakuja. Hayo tuliyaita mawimbi ya mbali.

Baadaye nikahamishiwa bandarini, kuandika taarifa ya asubuhi iliyoruhusu au kuzuia vyombo vidogo. Asubuhi moja mume wangu Faki, Mpemba, akapigiwa simu: mama yake amefariki, anazikwa leo leo. Akaja mbio bandarini. Boti ndogo ya kwenda Pemba ilikuwa tayari, injini inanguruma, na hata jani halitikisiki. Lakini kwenye nguzo za gati maji yalikuwa yakipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Niliyajua. Roho iliniuma, nikaandika: vyombo vidogo visivuke.

"Mama Asha," akaniuliza mbele ya watu, "upepo uko wapi?"

"Umevuma mbali, baba Asha. Nguvu zake ndizo hizi zinafika."

"Mama yangu azikwe bila mimi?"

"Nisamehe, mume wangu."

Alikaa chini akalia, nami nikalia naye. Siku ya pili bahari ilitulia, akavuka.

Aliporudi, alinitandazia mapajani khanga ya marehemu. "Dada amenipa nikuletee. Waliyaona mawimbi yakivunjika mwambani. Amesema, tumezika mmoja, alhamdulillahi."

Sasa nimestaafu, tunaishi Nguvumali, hapa hapa Tanga. Vijana wa kituoni wana mitambo mizuri, nawaombea heri; lakini gatini wateremke hivyo hivyo, wayatazame maji kwa macho yao. Khanga ile imechujuka, ila naifua na kuianika mwenyewe. Leo asubuhi ilining'inia kambani bila kutikisika. Faki akaitazama, akatabasamu.

"Haya mama Asha, bahari shwari?"

"Hapa hakuna upepo, mume wangu," nikamwambia. "Shwari sijui."